Kambi ya Mwenye Kuchagua



Katika Kiswahili chetu cha Katanga na cha Kivu, neno "kambi" si neno la mchezo. Kwa babu zetu lilikuwa safu za nyumba ambamo Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, iliwapanga wafanyakazi wake kama mtu apangavyo vyombo kabatini. Kwa baba zetu lilikuwa mahali pa askari, ambapo mtoto alifundishwa kupita upesi bila kutazama pembeni. Kwa kizazi hiki, hasa kwa ndugu zetu wa Goma na viunga vyake, kambi ni turubai lililotandazwa juu ya mawe ya volkeno, ni mama anayesimama kwenye foleni ya maji bila kujua kama kesho atakuwa bado pale au atakuwa amekwisha kufukuzwa. Maana hizo tatu zinatofautiana, lakini zinakutana katika jambo moja: anayelala kambini hakuchagua kulala pale.

Kwa hiyo, kijana mmoja aliponionyesha katika simu yake magari mapya ya umeme ya kupita porini, yanayosifiwa kwa sababu yanamrahisishia mwenye gari "kupiga kambi", nilinyamaza kwanza. Yeye alikuwa anashangilia. Mimi, niliyesomea ualimu na kuzoea kuanza na maana ya maneno, nilikuwa bado nimekwama kwenye neno. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile. Nataka kugombana na watu wa namna tatu: wanaouza magari hayo kwa maneno yasiyo kamili, wenzetu wanaoyalaani bila kuyaelewa, na wakubwa wetu ambao hawajayauliza swali linalotuhusu.

Tuanze kwa kueleza kitu chenyewe, maana si haki kushutumu usichokijua.

Gari la umeme la kupita porini hubeba betri kubwa chini ya sakafu yake. Betri hiyo huendesha magurudumu, lakini gari likisimama, umeme uliobaki unaweza kutolewa nje kwa plagi ya kawaida. Kutoka hapo wahandisi wameongeza starehe moja baada ya nyingine. Kampuni ya Rivian ya Marekani ilionyesha mwaka 2019 jiko lililofichwa katika uwazi unaopita ubavuni mwa gari, nyuma ya viti: unalivuta kama droo, na mbele yako pana majiko mawili ya umeme yasiyo na mwali, sinki na vyombo. Bei iliyotangazwa kwa jiko hilo peke yake ilikuwa dola 5,000. Gari hilohilo lina mpango maalumu wa kambi: hujisawazisha lenyewe kwa kuinua na kushusha magurudumu yake ili anayelala asiteremke upande mmoja, huwasha taa za kuzunguka, na huendelea kutoa umeme usiku kucha. Magari mengine hupooza au hupasha hewa ndani huku wenyewe wamelala, bila injini kuunguruma.

Kuna pia namna ya pili, yenye jenereta ndani yake. Humo injini ya petroli haisukumi magurudumu. Kazi yake ni kuzalisha umeme wa kuijaza betri pale inapopungua. Yangwang U8 ya kampuni ya BYD ya China, iliyoanza kuuzwa mwaka 2023 kwa zaidi ya yuani milioni moja, ni ya namna hiyo: ina betri ya kilowati-saa 49 hivi, injini ya lita mbili, plagi inayoweza kutoa kilowati 6, na hata uwezo wa kuelea majini kwa dakika 30 wakati wa dharura. Huko Marekani, kampuni ya Scout, iliyo chini ya Volkswagen, ilionyesha mwezi wa Oktoba 2024 magari mawili, Traveler na Terra, yanayoweza kuagizwa kwa betri tupu au kwa betri yenye jenereta. Kampuni yenyewe imesema kwamba wengi wa walioweka nafasi wamechagua lile lenye jenereta. Tulishike hilo akilini. Watu wanaohubiriwa uhuru wa kuachana na petroli, wakifikiria giza la porini, huomba petroli iwekwe chini ya kiti, ikiwezekana.

Hayo yote si mabaya. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani kwamba nachukia kazi ya akili ya binadamu. Anayejua mngurumo wa jenereta usiku, na moshi wake unaoingia dirishani mwa jirani, hawezi kudharau kifaa kinachotoa umeme kimyakimya. Na mtu anayetoka na watoto wake kulala chini ya nyota, akawafundisha majina ya miti, hafanyi dhambi. Afadhali huyo kuliko yule anayekaa mjini na kuijua dunia kwa kuitazama kwenye kioo.

Basi shutuma yangu ni ipi? Ni dhidi ya neno moja linaloambatana na magari haya popote yanaposifiwa: kwamba mwenye gari huenda porini bila kuacha alama. Picha inatuonyesha gari kando ya ziwa, taa zake ndogo, kikombe cha kahawa, ukimya. Hakuna moshi, hakuna jivu. Na ni kweli kwamba pale ziwani hakuna jivu. Lakini alama haikufutwa. Ilihamishwa. Gari aina ya GMC Hummer la umeme lina uzito unaozidi kilo 4,000, na betri inayozidi kilowati-saa 200. Uzito huo haukudondoka kutoka mbinguni. Kila kilo yake ilikuwa udongo au jiwe mahali fulani, na sehemu yake ilikuwa jiwe hapa kwetu.

Nchi yetu hutoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa hutoka Lualaba na Haut-Katanga. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International, pamoja na shirika la Kikongo la Afrewatch, lilieleza kwa kirefu jinsi wachimbaji wa mikono, watoto wakiwemo, walivyokuwa wakitoa kobalti iliyokuwa ikiingia katika betri za dunia. Septemba 2023 Amnesty ilirudi Kolwezi, ikaeleza jinsi familia zilivyoondolewa katika nyumba na mashamba yao kwa nguvu au kwa fidia isiyotosha ili migodi ipanuke. Ndugu msomaji wa Kolwezi hahitaji ripoti. Anajua mitaa ambayo shimo limeifikia mlangoni.

Hapa ndipo maneno mawili ya "kambi" yanapokutana. Mtu mmoja huondoka katika nyumba yake Ijumaa jioni kwa furaha, akalale nje siku mbili, na betri inamfuata na kumhudumia. Mtu mwingine huondolewa katika nyumba yake ili kilichomo ndani ya betri hiyo kipatikane, naye hana Jumapili ya kurudi. Simwambii wa kwanza kwamba alimfukuza wa pili. Namwambia tu kwamba asidanganywe kuwa hakuna mtu mwingine katika picha ile ya ziwa.

Najua nitajibiwa, na majibu yenyewe si ya kupuuzwa.

Wa kwanza atasema: "Mwalimu, umechelewa. Betri nyingi siku hizi hazina kobalti kabisa." Ni kweli. Betri za chuma na fosfati, kama zile ambazo BYD huweka katika Yangwang U8, hazina kobalti wala nikeli. Rivian nayo imeanza kutumia betri za namna hiyo katika baadhi ya magari yake. Anayetaka kuwa mkweli asitangaze kwamba kila gari la umeme limejaa kobalti ya Kolwezi; nimesikia jambo hilo likisemwa hata katika mikutano yetu, na si sahihi. Lakini gari la umeme huhitaji pia shaba, mara tatu hivi au zaidi kuliko gari la petroli, kwa nyaya, kwa mota na kwa betri yenyewe. Na Kongo sasa ni nchi ya pili duniani kwa kuchimba shaba. Kobalti yetu nyingi hutoka katika mashimo yaleyale ya shaba. Ukiondoa kobalti katika betri, hujaliondoa shimo. Zaidi ya hayo, fikirini upande wa pili: siku dunia itakapokuwa haiihitaji kobalti yetu, aliyefukuzwa hatarudishiwa nyumba yake kwa sababu hiyo. Atakuwa amepoteza shamba kwa ajili ya jiwe lisilo na soko.

Wa pili atasema: "Biashara hiyo ndiyo inayotulisha. Ukiwatukana wanunuzi, utatunyima mkate." Sijawatukana wanunuzi, wala sijasema wasinunue. Napinga pia wale wanaotaka tulaani kila gari la umeme kama wizi, kana kwamba gari la petroli lilikuwa la malaika. Mafuta nayo yana mashimo yake, vita vyake na vilio vyake. Tatizo si kwamba jiwe letu linauzwa. Tatizo ni kwamba linauzwa na sisi tunabaki gizani, na tumezoea hali hiyo hata hatuioni tena. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Imethibitika basi kwamba Kinshasa ikifunga mlango, dunia husikia. Nani basi atatushawishi kwamba hatuna sauti?

Na hapa nageuka kwa wenzangu, kwa sababu ugomvi wa haki huanzia nyumbani.

Plagi hii tunayoiona leo ikichemsha kahawa kando ya ziwa haikupata heshima yake kwa kahawa. Japani, baada ya tetemeko na mafuriko ya bahari ya Machi 2011, watu waliona jinsi gari la umeme linavyoweza kuwa na faida mahali ambapo petroli imekatika, na mwaka uliofuata kampuni ya Nissan ikaleta kifaa cha kuunganisha gari lake la Leaf na nyumba ili betri ya gari iwashe taa za nyumbani. Texas, katika baridi kali ya Februari 2021, umeme wa jimbo ulipozimika, wapo waliopasha nyumba zao kwa plagi za malori madogo ya Ford yenye jenereta ndani. Baadaye lori la umeme tupu la kampuni hiyohiyo likaja na plagi za kutoa hadi kilowati 9.6. Kwa maneno mengine, kifaa hiki kilionyesha thamani yake katika maafa. Kambi ya starehe ilikuja kukirithi, kwa sababu starehe ina mnunuzi kila wiki, na maafa, kwa wenzetu, huja mara chache.

Kwetu maafa hayo ni hali ya kila siku. Takriban mtu mmoja tu kati ya watano katika nchi hii ana umeme. Niruhusuni nipige hesabu ndogo ubaoni, kama nilivyofunzwa. Chukueni nyumba ya uzazi ya kijijini. Taa kumi za wati 10, zikiwaka saa 12, hula kilowati-saa 1.2. Jokofu dogo la chanjo hula kama kilowati-saa moja kwa siku. Mashine ya kumpatia mgonjwa oksijeni, yenye wati 350, ikifanya kazi saa 8, hula 2.8. Jumla ni kilowati-saa 5. Betri kubwa ya gari la Rivian ina kilowati-saa 130 hivi. Gawanyeni: ni siku 26. Gari moja la kwenda kulala porini, likisimama tu pale uani, lingeiangazia nyumba hiyo ya uzazi karibu mwezi mzima kabla ya kuhitaji kujazwa tena.

Sasa chukueni kitu kidogo zaidi. Birika la kahawa la wati 1,500, likichemka kwa dakika 4, hutumia umeme uleule ambao taa moja ya wati 10 hutumia kwa saa 10. Birika moja ni usiku mzima wa mkunga, ambaye leo ameshika tochi ya simu kwa meno ili mikono yake miwili impokee mtoto.

Je, mwenye birika amemwibia mkunga taa? Hapana. Angekunywa maji baridi, mkunga angebaki gizani vilevile. Nasisitiza jambo hili kwa sababu polepole tumejijengea tabia ya kulia mbele ya dirisha la jirani huku mlango wetu wenyewe haujagongwa. Hesabu ile haimshtaki mpiga kambi. Inatuambia jambo moja tu: umeme anaouhitaji mkunga ni mdogo mno. Haungoji bwawa jipya, haungoji mkutano wa wakuu wa mataifa. Unaingia ndani ya gari la kutembelea.

Na tumekuwa na umeme mkubwa muda mrefu. Inga ya kwanza ilianza mwaka 1972, ya pili mwaka 1982. Mwaka huohuo wa 1982 ulikamilika waya wa kilomita 1,700 hivi kutoka Inga hadi Kolwezi, ili migodi ya Katanga ipate nguvu. Waya huo unapita juu ya vijiji vingi ambavyo havikupata hata taa moja kutoka kwake. Kuna watu waliozaliwa, wakaoa, wakazeeka chini ya waya huo, wakipikia makaa kwenye mbabula na kusoma kwa koroboi. Basi tusiseme kwamba ni wageni tu wanaojua kupitisha umeme juu ya kichwa cha maskini. Sisi wenyewe tulijenga mfano wake, tena uliokuwa mrefu kuliko yote wakati wake.

Wa tatu atanijibu: "Vumilia. Simu ya mkononi nayo ilianza kwa matajiri, leo kila muuza mboga anayo. Magari haya yatashuka bei, yatatufikia." Huenda. Lakini simu haikutufikia kwa kuvumilia. Ilitufikia kwa sababu minara ilijengwa, na vijana wetu walijifunza kuitengeneza chini ya miavuli ya barabarani. Gari la umeme litakalotufikia bila fundi anayelielewa litatufikia kama mzoga: betri iliyochoka, imeletwa kwa meli, inauzwa na mtu asiyejua hatari yake, kwa mtu asiyejua namna ya kuipima. Jiwe litakuwa limetoka kwetu likiwa na thamani, na kurudi kwetu likiwa takataka.

Wana wa Israeli waliagizwa kwamba, hata watakapokuwa na nyumba nzuri, watoke kila mwaka wakae katika vibanda siku saba. Hawakutoka kwa ajili ya starehe. Walitoka ili vizazi vyao vikumbuke kwamba wazee wao waliwahi kukosa paa. Hiyo ndiyo kambi ya mwenye kuchagua inapokuwa na maana: anayeweza kulala ndani hulala nje, akamkumbuka asiye na ndani. Kambi inayohama na jiko, jokofu, hewa baridi na kitanda kilichosawazishwa humwondoa mtu nyumbani lakini haimwachi akose kitu chochote, na asiyekosa kitu hana njia ya kumkumbuka anayekosa.

Nimesema nitagombana na watu wa namna tatu. Sasa namwambia kila mmoja neno la mwisho.

Kwa wauzaji na wanunuzi wa magari haya: lalani porini kwa amani, lakini ondoeni katika matangazo yenu maneno ya kutoacha alama. Andikeni mahali pa wazi shaba na kobalti ya gari vilitoka mgodi gani, kama mnavyoandika kilomita na kilowati. Anayeweza kupima ulalo wa gari juu ya changarawe hawezi kushindwa kumwambia mteja jiwe lilikotoka.

Kwa wenzetu wanaolaani bila kuelewa: jifunzeni. Shule zetu za ufundi ziwafundishe vijana betri ni nini, hupimwaje, huua vipi, hutengenezwa vipi. Ni aibu mtoto wa Kolwezi kuijua kobalti kwa uzito wa gunia tu.

Kwa wakubwa wetu: kila mwaka tunaona magari mapya makubwa ya kupita porini yakinunuliwa kwa ajili ya ofisi, na hatujasikia yakinunuliwa kwa swali hili: likisimama mbele ya nyumba ya uzazi usiku, linaweza kuiwashia taa? Magari yenye jenereta ndani na plagi nje, yale ambayo wengine huyanunua kwa ajili ya mwisho wa wiki, ndiyo yangefaa kwa mganga wa eneo lenye barabara mbaya na lisilo na umeme. Gari lingemleta asubuhi na kumwangazia usiku. Tukiona kwamba bei yake ni kubwa mno, basi paneli za jua na betri ndogo juu ya paa la nyumba ya uzazi zingetimiza kazi ileile kwa gharama ya chini sana, na hapo hakuna udhuru tena.

Wakati mwingine mtakapokutana na mwakilishi wenu, msimuulize kuhusu gari lake. Mwulizeni nyumba za uzazi ngapi katika eneo lake zina taa usiku, kisha mhesabu pamoja naye, birika kwa birika.